Nyika tunayoipita kwa treni ndiyo inayotunywesha maji: Kitui na Makueni kwa macho ya wapenda maumbile

Abiria wengi wa treni ya Mombasa kwenda Nairobi, wakishapita Voi, hufumba macho. Akishuka mtu Mtito Andei au Kibwezi huamka kidogo, wakatazama nje, wakaona miti ya miiba na udongo mwekundu, wakasema "bado ni nyika tu", kisha wakarudi kulala. Wakifika Athi River husema wameshaiona Ukambani.

Makala haya ni ya nyika hiyo. Ni kaunti mbili, Makueni upande wa reli na Kitui ng'ambo ya Mto Athi. Kuna watu wa mjini ambao huzitembelea kwa makusudi, si kwa kuzipita. Ni wanachama wa vyama vya wapenda maumbile, wanaobeba darubini na daftari badala ya kamera kubwa za watalii. Nataka kueleza watu hawa hufanya nini hasa, na kwa nini jambo hili linamhusu mtu wa Mombasa, Kilifi au Malindi kuliko linavyomhusu yule wa Nairobi aliyelianzisha.

Chama kikongwe katika kazi hii ni kile kinachoitwa leo Nature Kenya. Kiliundwa Nairobi mwaka 1909, na mkusanyo wa wadudu, ndege na mimea ya wanachama wake ndio uliozaa jumba la makumbusho mwaka 1910, ambalo limekua likawa Makumbusho ya Taifa. Tuseme ukweli, kilikuwa chama cha wazungu: maafisa wa serikali, walowezi na wamishonari. Mwafrika aliwabebea mizigo, akawaonyesha njia na kuwatajia kila mti kwa jina lake, halafu jina lililochapishwa likawa la bwana mkubwa. Kuna ndege mmoja wa vichaka vya Ukambani ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote ila Kenya. Katika vitabu huitwa kwa jina la Hinde, afisa wa kikoloni aliyekaa Machakos zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wakamba walikuwa wakimsikia akipiga kelele mabondeni kabla babu yake Hinde hajazaliwa.

Mambo yalianza kubadilika baada ya uhuru. Mwaka 1968 vikaundwa vilabu vya wanyamapori vya wanafunzi, Wildlife Clubs of Kenya, vikaenea mashuleni nchi nzima. Mwaka 1971 Bi Fleur Ng'weno akaanzisha matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kutoka uwanja wa Makumbusho Nairobi. Matembezi hayo yangaliko. Asiye mwanachama hutoa kiasi kidogo cha pesa na kuandamana na wenzake. Waongoza watalii na wataalamu wa ndege wengi wa Kenya walianzia hapo, wakiwa vijana wasio na hata darubini ya kwao.

Sasa, hufanya nini? Mtu anayewaona kwa mbali hudhani wanapunga upepo. Wao hutembea polepole mno, husimama, hunyamaza, mmoja hunyoosha kidole, wote huelekeza darubini, kisha mtu huandika. Kuandika ndiko kazi yenyewe. Mwaka 1989 kilitoka kitabu cha ramani za ndege wa Kenya, kazi ya Lewis na Pomeroy, kilichojengwa kwa daftari za watu kama hawa. Tangu 2013 kuna mradi mwingine uitwao Kenya Bird Map, ambao umeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Mtu huchagua mraba, huutembea kwa bidii si chini ya saa mbili, na huandika kila aina ya ndege kwa mpangilio aliomwona au kumsikia. Anaweza kuendelea kuongeza hadi siku ya tano, kisha hutuma orodha yake. Siku hizi wengi hutumia programu ya simu iitwayo BirdLasser, ambayo hujua yenyewe mko mraba gani.

Mpangilio huo una maana. Ndege wanaoandikwa mwanzo ndio walio wengi au walio rahisi kuonekana mahali hapo. Orodha kumi za mraba mmoja, zikiandikwa na watu kumi kwa miaka kumi, zinaweza kuonyesha ndege anayepungua hata kama hakuna mmoja kati ya hao kumi aliyegundua kitu. Hapo ndipo fundi cherehani au karani wa benki anapoifanya kazi ambayo profesa peke yake hangeimaliza kwa umri wake wote.

Tatizo ni kwamba watazamaji hukaa mijini. Miraba ya Nairobi, Naivasha na Watamu huwa na orodha tele. Ukienda mashariki ya Kitui, kuelekea Mutha na mpaka wa Tana River, ramani huanza kuwa nyeupe. Mraba mtupu hauna maana kwamba ndege hawako. Maana yake ni kwamba hakuna aliyekwenda. Hiyo ndiyo sababu watu wa vyama hivi hufunga safari kwenda huko na mahema yao, wakati jamaa zao wanawashangaa.

Na huko kuna nini? Kwanza kuna mbuyu, ambao sisi twaudhani ni mti wa Pwani. Umetapakaa Kitui ya kusini na Makueni ya chini, na sehemu ya ubuyu unaopakwa sukari na rangi nyekundu katika mitaa ya Mombasa hutoka kwa akina mama wa huko. Katika mashimo ya miti mikubwa ya aina hiyo ndimo anamotagia hondohondo. Jike huingia shimoni na mlango huzibwa kwa udongo na kinyesi hadi unabaki ufa mwembamba, na dume humlisha kupitia ufa huo kwa wiki kadhaa. Mwenyeji akikuonyesha ufa huo utakuwa umeona jambo ambalo hifadhi kubwa za kulipia haziwezi kukuahidi.

Hondohondo huyo ana kisa kingine, kilichoandikwa mwaka 1983 na mtafiti Anne Rasa baada ya kukaa muda mrefu katika nyika ya Taru, nyuma tu ya Mariakani. Nguchiro wadogo hulala ndani ya vichuguu. Asubuhi hondohondo huja kukaa mtini juu ya kichuguu na kuwasubiri waamke. Wakichelewa, huita. Wakitoka hufuatana nao, nguchiro wakifukua na hondohondo wakidaka panzi wanaotimuliwa, na akipita kipanga au mwewe, ndege hutoa onyo kwa wote. Nguchiro nao huwangoja hondohondo wasipokuwapo. Mambo haya hayahitaji maabara, yahitaji mtu wa kukaa chini ya mti akatulia. Ukambani ya chini ni nyika ile ile ya Taru inayoendelea, yenye vichuguu hivyo hivyo na ndege hao hao.

Wakati mzuri wa kwenda ni Novemba na Desemba, na hapa mtu wa Pwani inabidi ageuze kalenda yake. Mvua yetu kubwa ni ya masika, Aprili hadi Juni. Ukambani mvua ya kutegemewa ni ya vuli. Ikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini kwa mamilioni, na hapo hapo mbinguni hutokea makundi ya kozi wadogo wenye miguu myekundu, wanaoitwa kozi wa Amur. Uzito wake haufiki robo kilo. Huzaliana Siberia ya mashariki na kaskazini ya China, hupitia kaskazini-mashariki ya India, kisha huvuka Bahari ya Arabuni moja kwa moja hadi pwani ya Somalia na Kenya, na kuendelea hadi kusini ya Afrika.

Nadhani hakuna watu duniani wanaopaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko sisi. Ndege huyo husafiri na kaskazi. Upepo uleule ulioleta majahazi kutoka Bara Hindi na Arabuni humbeba yeye, na mapema kuliko majahazi. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba chakula chake njiani ni kereng'ende wanaovuka bahari hiyo hiyo kwa upepo huo huo. Mwaka 2012 zilisambaa picha za maelfu ya kozi hao wakinaswa kwa nyavu na kuuzwa karibu na bwawa la Doyang, jimbo la Nagaland, India. Wanavijiji wa huko walikubali kuacha, na mwaka uliofuata ndege watatu walifungwa vifaa vya setilaiti. Ndipo dunia ikaiona njia yao juu ya maji. Mtu wa Makueni anayeandika "kozi wa Amur, kundi kubwa, Novemba" anamalizia sentensi iliyoanzwa na mtu wa Nagaland.

Karibu na hapo, kuvuka tu Mtito Andei na kuingia Tsavo Magharibi, kuna hoteli ya Ngulia juu ya ukingo wa mlima. Tangu 1969 wataalamu na watu wa kujitolea hukusanyika hapo miezi ya vuli, usiku usio na mwezi. Ukungu ukishuka, ndege wadogo wanaohama kutoka Ulaya na Asia huvutwa na taa za hoteli. Wakati huo hunaswa kwa nyavu nyembamba, hupimwa, huvishwa pete ndogo yenye namba mguuni na kuachiliwa. Ni kazi ya usiku kucha na huendeshwa na watu wasiolipwa. Kwa kazi hiyo ilifahamika kwamba Ukambani na Tsavo ni barabara kuu ya ndege hao, si pori la kando.

Lakini nilisema jambo hili latuhusu sisi zaidi, na ndege peke yao hawatoshi kuthibitisha. Twende kwenye maji.

Milima ya Chyulu, ambayo ukiwa kwenye treni waiona upande wa kushoto ukielekea Nairobi, haina mto hata mmoja juu yake. Ni volkano changa, na baadhi ya vilima vyake vilitema moto katikati ya karne ya 19. Mvua ikinyesha huzama katika majivu na mawe yenye matundu, husafiri chini kwa chini, kisha huibuka pembezoni: chemchemi za Umani katika msitu wa Kibwezi, na kubwa kuliko zote, Mzima. Bomba la Mzima lilijengwa miaka ya 1950, lina urefu wa zaidi ya kilomita 200, na mwisho wake ni mifereji ya Mombasa. Msitu na nyasi za Chyulu zikiungua au zikikatwa, mvua haizami vizuri. Basi mkaa unaochomwa huko juu na ndoo tunayoipanga foleni Majengo vina uhusiano, hata kama hakuna aliyeuandika kwenye bili ya maji.

Kuhusu Chyulu, chama kingine cha mjini kilifanya kazi ambayo serikali haikuwa imeifikiria. Wapenda mapango wa Cave Exploration Group of East Africa, watu wa wikendi na kamba zao na taa za kichwani, walilipima miaka ya 1970 pango la Leviathan, mfereji ulioachwa na lava iliyokuwa ikitiririka. Lina zaidi ya kilomita 11, na ni miongoni mwa mapango marefu ya aina hiyo duniani. Ukishasikia hivyo wafahamu kwa nini maji hayaonekani juu: mlima wenyewe ni mtupu ndani kama mzinga.

Chanzo chetu kingine ni Baricho. Visima vya Baricho vimechimbwa kwenye mchanga wa Mto Sabaki, na maji yake hufika Malindi, Kilifi na Mombasa. Sabaki ni jina la mwisho tu la mto huo. Juu zaidi ni Galana, na juu ya Galana ni Athi, unaotenganisha Makueni na Kitui. Pembeni mwake hujinyoosha bapa la Yatta, takriban kilomita 300 za lava iliyotiririka zamani za kale katika bonde. Udongo wa kingo za bonde ukaliwa na mvua kwa mamilioni ya miaka, lava ikabaki, na kilichokuwa chini kikawa juu.

Udongo huo haujaacha kuliwa. Kila mtu wa Malindi anajua bahari inavyogeuka rangi ya chai ya maziwa mvua ikinyesha bara. Watafiti walichimba mche katika tumbawe la zamani la Malindi lenye miaka kama 300 na kulisoma kama mtu anavyosoma mviringo wa mwaka katika gogo, wakipima bariamu inayoletwa na udongo wa mto. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2007. Kwa karne mbili tumbawe lilionyesha udongo kidogo, kisha tangu mwanzo wa karne ya 20 ukaanza kupanda na kuzidi. Wakati huo ndio Wakamba walipobanwa katika mipaka ya kikoloni, wakalima miinuko ambayo hapo kabla waliipumzisha. Serikali ililaumu ng'ombe wao, ikaja kuwauza kwa nguvu, na mwaka 1938 watu wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Alipokamatwa alihamishiwa Lamu. Kwa hiyo Pwani ilipokea vyote viwili, udongo wao na shujaa wao.

Walichokifanya Wakamba baadaye ni mojawapo ya mambo mazuri ya kutazama ukitembea Makueni, na vyama vya maumbile vingefanya vyema kuyapa muda sawa na ndege. Kuna matuta ya "fanya juu": unachimba mtaro kufuata mlalo wa kilima na kutupa udongo upande wa juu, mvua inasawazisha yaliyobaki. Neno hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya dunia nzima bila kutafsiriwa. Kuna mabwawa ya mchanga pia. Ukuta wa zege hujengwa kukata mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hubaki ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii na mbu hatagi. Ni kanuni ile ile ya Baricho kwa kipimo cha kijiji. Ndiyo maana uchotaji mchanga kwa malori ni vita huko, na mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya kuudhibiti. Lori la mchanga likiondoka, tangi la maji la kijiji ndilo limeondoka.

Sasa kuna bwawa kubwa la Thwake, ujenzi ulioanza 2018 mahali Mto Thwake unapokutana na Athi. Bwawa hushika maji na hushika udongo. Mlango wa Sabaki, mahali wanapokusanyika maelfu ya ndege wa pwani, flamingo na wageni kutoka Madagaska, umejengwa na maji na udongo huo. Akija mtu miaka kumi ijayo kuuliza ni nini kilichobadilika, jibu litatoka katika daftari za walioandika kabla. Kwa upande wa mlango wa mto, A Rocha Kenya ya Watamu na wenyeji wa Sabaki wamekuwa wakihesabu. Upande wa juu, Kitui na Makueni, wahesabuji ni haba.

Asidhani mtu kwamba hii ni kazi ya wageni na wenye shahada. Kwera wa Clarke, ndege mdogo mwenye manjano, alielezwa kitaalamu mwaka 1913, na makao yake duniani kote ni Kaunti ya Kilifi peke yake: Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Kwa miaka 100 hakuna mtaalamu aliyepajua mahali anapotaga. Mwaka 2013 viota vilipatikana katika kinamasi cha Dakatcha, na waliovipata walikuwa vijana wa kikundi cha kuhifadhi Dakatcha pamoja na watu wa Nature Kenya na A Rocha, Bi Fleur Ng'weno yule yule wa Jumatano akiwamo. Bila wenyeji wanaolijua kila dimbwi lisingepatikana.

Mombasa ina shule, ina vyuo, ina wazee wastaafu wenye afya na asubuhi zisizo na kazi. Chama cha matembezi ya kila wiki hakihitaji mfadhili. Chahitaji siku moja isiyobadilika, mahali pamoja pa kukutana na mtu mmoja anayewatambua ndege kiasi. Nairobi ilianza hivyo. Wakishazoea Tudor Creek na Haller Park, safari ya kwanza ya mbali iwe Kibwezi: treni ile inayosimama kila kituo huwafikisha, msitu uko karibu, na chemchemi ni baridi.

Yapo ya kuzingatia. Msitapakae mashambani na darubini kabla ya kujulisha chifu au mzee wa kijiji. Kitui ina makaa ya mawe katika bonde la Mui, na watu wameona wageni wengi wenye ramani. Mgeni asiyejieleza hudhaniwa amekuja kupima ardhi ya kuchukua, na sidhani ni haki kuwalaumu. Karibu na Chyulu na kusini ya Kitui kuna ndovu, hivyo mwenyeji wa kuwaongoza ni lazima, naye alipwe vizuri. Atakayewafikisha kwenye jiwe la Nzambani, karibu na mji wa Kitui, atawaambia kwamba mtu akilizunguka mara saba mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Zungukeni mara sita, mkitazama juu, maana majabali kama hayo hupendwa na mbayuwayu na kozi.

Na katika daftari wekeni safu ya ziada. Orodha za Kenya zina jina la Kiingereza na la Kilatini kwa kila ndege, lakini nyingi hazina jina la Kikamba wala la Kiswahili, na sisi wenyewe twaita "ndege tu" viumbe ambavyo babu zetu walikuwa na majina yao. Mwulizeni mzee wa Makueni amwitaje yule ndege, andikeni alivyotamka, kisha mkirudi ulizeni Rabai na Jomvu kama kuna anayelikumbuka jina la hapa.